Aliyeitika Kule Mawe Mapacha

Wageni walikuwa wawili, lakini Getruda alipika chai ya watu watatu.

Tuelewane mapema: huyu mwanamke hakuwa wa kukosea hesabu. Alikaanga chapati pale Mabatini, mjini Mwanza, miaka minne, wateja wamemzunguka kila upande, huyu anataka mbili, yule anataka tano na chai ya rangi, na hata siku moja hakumpa mtu chapati isiyo yake. Kwa hiyo Venant, mumewe, alipomwona asubuhi ile anapanda kutoka ufukweni na kikombe kitupu mkononi, kwanza alicheka.

"Hicho cha nani tena? Wazungu si wawili?"

"Si wewe uliyeniita mara ya pili?" Getruda akasema. "Ukasema moja peleka hema la tano."

"Mimi?"

"Venant, usianze. Nimekuitikia kabisa."

Hema la tano halikuwa na mgeni. Halikuwa hata na kitanda. Getruda alieleza kwamba alikiweka kikombe juu ya kigogo pale nje, akapiga hodi, akageuka kidogo kumfukuza nyani, na alipotazama tena chai ilikwisha kunywewa. Venant akakishika kikombe. Kilikuwa baridi kama kilicholala kisimani, na chini yake palibaki mchanga laini uliolowa.

"Nyani hao," akasema. Ndivyo tunavyosema sote wakati hatujui la kusema.

Kambi yenyewe ilikuwa porini hasa. Ukishuka kwenye feri Kamanga unakula vumbi nusu siku nzima, vijiji vinaanza kuachana, mwisho barabara inabaki njia ya ng'ombe, na hapo ndipo unapoifikia rasi ya miiba na viboko iitwayo Mawe Mapacha, kwa sababu ya majabali mawili yaliyosimama bega kwa bega juu ya ziwa. Zamani serikali ilikuwa na kituo cha samaki hapo. Ilipofika miaka ile ya kuuza kila kinachouzika, Bwana Lwakatare, Mhaya msomi aliyekuwa ofisa wa ushirika, akakinunua, akasimamisha mahema matano ya turubai, akasema huu ndio utalii. Venant alikuwa amepunguzwa kiwandani pamoja na wenzake mia na zaidi. Alipoambiwa kuna kazi yake na ya mkewe mahali pamoja, hakuuliza mara mbili.

Jiko lilijengwa mbali na mahema, hatua mia hivi, nyuma ya mwamba, ili harufu ya nyama isilete fisi kwa wageni. Kengele Bwana Lwakatare aliikataa. "Kengele ni ya shule na kanisa," alisema, "mzungu anakuja huku kuikimbia." Basi kazi yote ikawa ya kuitana. Venant anasimama kwenye kibanda cha kulia chakula, anakinga mikono mdomoni: "Getruda!" Na kutoka nyuma ya mwamba inakuja sauti nyembamba, ya mtu aliyelelewa na mama mkali: "Abee!" Ndipo anataja: mayai manne, supu mbili, maji ya moto. Kutwa nzima, Getruda, abee, Getruda, abee, mpaka ndege wakazoea. Mzee Shimba, mlinzi wa kambi, mwenyeji wa kijiji cha jirani, alikuwa akiwasikia anatikisa kichwa. Walidhani anawaonea wivu.

Siku ya tatu baada ya kile kikombe, saa saba mchana, jua limesimama utosini na wale wazungu wawili wapima madini wamekwenda kugonga mawe yao, Venant alikuwa amekaa kibandani anapangusa vijiko. Mdomo wake ulikuwa umefumba. Hilo aliliapia baadaye kwa Mungu na kwa mama yake. Mdomo umefumba, kijiko mkononi, akaisikia sauti yake mwenyewe ikiita kutoka ufukweni.

"Getruda!"

"Abee!" Getruda akaitika kutoka jikoni, kwa moyo mweupe kabisa.

Kijiko kikamponyoka Venant. Akasimama, akataka kupiga kelele, sauti ikagoma, na alipoanza kukimbia Getruda alikuwa tayari ameshatokeza nyuma ya mwamba anateremka kwenye njia ya mahema huku akifutia mikono kwenye kanga, hana haraka, hana wasiwasi, anakwenda kama anavyokwenda mke aliyeitwa na mumewe, na Venant nyuma yake anakimbia kwenye ule mchanga unaomeza miguu, na kila hatua inamletea harufu ya mvua, ile harufu ya tone la kwanza juu ya jiwe lililopata moto, wakati mbinguni hapakuwa na wingu hata la dawa. Alimkuta amesimama mbele ya hema la tano. Zipu ilikuwa imefungwa. Ndani mtu alikuwa anakoroga chai taratibu, kijiko kinagonga pembeni ya kikombe, ti, ti, ti.

Venant akamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Umetokea wapi?" Getruda akanong'ona. Akamtazama mumewe, akalitazama hema, akamtazama mumewe tena. "Venant, kama wewe uko hapa... humo ndani nani?"

Kijiko kikanyamaza.

Walirudi kinyumenyume mpaka jikoni, wameshikana kama watoto. Mzee Shimba alikuwa anawasubiri, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," wote wawili wakasema, maana hata hofu haiondoi adabu.

"Marahaba, wanangu. Nimesikia." Akakaa chini. "Sisi huku hatuitani majina. Mtoto wa hapa akitumwa kuni anapigiwa mluzi, mke anapigiwa makofi. Nilimwambia Lwakatare siku ya kwanza. Akaniambia mzee, hizo ni imani za zamani. Sasa mimi mlinzi, nitambishia tajiri?"

"Ni nini hicho, mzee?" Venant akauliza.

"Kinaishi kwenye ufa wa yale mawe. Ngoja nimlete Bibi Malimi. Na wewe mama, mtu akikuita, funga mdomo wako."

Ungeuliza, kwa nini hawakufunga mizigo wakaondoka saa ileile? Kwa gari gani? Landrova ya kambi ilikuwa Mwanza na Bwana Lwakatare, na aliyetoka pale kwa miguu alilala njiani na fisi. Hata hivyo Bibi Malimi alipofika jioni, mganga mfupi mwenye shanga nyeupe kifundoni, aliwakataza kabisa kuondoka. Alimshika Getruda kidevu, akamfungua mdomo, akachungulia kooni kama anayetafuta mwiba wa sato.

"Umeliitikia mara ngapi, mayu, mama?"

"Sijui, bibi. Labda mara tatu. Labda zaidi. Nilidhani ni yeye." Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Basi sikilizeni. Jini hili haliwezi kutembea lenyewe. Linaita. Ukiitika, lenyewe linasogea hatua moja kuja kwako, na wewe unasogea hatua moja kwenda kwake. Mwili wako huoni ukisogea, ila umesogea. Hatua zikiisha, lenyewe litakaa ulipo wewe, na wewe utakaa lilipokuwa lenyewe. Mkiondoka sasa, litaita njia nzima."

Getruda akajishika koo. Venant aliuliza kilichobaki ni hatua ngapi.

"Mbili. Pengine moja," alisema Bibi Malimi. "Siku saba asimwitikie mtu yeyote. Mumewe, mama yake, hata akiitwa na padri. Likiita siku saba bila kujibiwa linachoka, nami nitakuja kuliziba huko huko ndani. Lakini akiitika mara moja tu, msiniite. Sitakuwa na dawa."

Basi wakaanza. Venant akawa hamwiti mkewe kwa lolote. Akitaka chai anatembea hatua zote mia, anamgusa bega, anasema polepole sikioni. Wazungu walishangaa chakula kinachelewa, wakaambiwa mpishi anaumwa koo, na siku ya pili wakakunja vyombo vyao wakaenda Geita. Kambi ikabaki na watu watatu na upepo.

Na jini likaita. Lo! Lilikuwa linaita kuanzia jua linapokaa utosini mpaka kivuli cha mawe kinapogusa maji, kwanza kwa sauti ya Venant, kwa ukali, kwa kubembeleza, kwa ule utani wao wa chumbani ambao Venant alidhani anaujua yeye na mkewe peke yao, akaona haya mbele ya Mzee Shimba. Siku ya nne likaita kwa sauti ya mama yake Getruda, aliyezikwa Misungwi miaka sita iliyopita. Getruda alitia upindo wa kanga mdomoni akauma, machozi yanatiririka, na Venant amemkumbatia kwa nyuma amemziba masikio, anahisi ile abee inapanda kifuani kwa mkewe kama kikohozi, inafika kooni, inarudishwa. Maana mtu aliyefundishwa tangu mdogo kwamba mkubwa akiita unaitika, utamfundishaje upya kwa siku saba?

"Nisaidie," Getruda alimwambia mchana ule, midomo imechanika. "Inataka kutoka yenyewe."

"Zimebaki tatu. Tatu tu, mama."

"Ukiniacha hapa, Venant, sitakusamehe."

"Nikuache wapi? Una wazimu?"

Siku ya sita palikuwa kimya. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, hakuna wito. Mzee Shimba akasema pengine limechoka mapema. Getruda akatabasamu kwa mara ya kwanza, akachukua ndoo kwenda kuchota maji, hatua arobaini tu kutoka jikoni, peupe, Venant anamwona. Aliingia ziwani mpaka magotini, akayasukuma magugumaji pembeni, akainama. Hapo ndipo Venant alipoona magugumaji nyuma ya mkewe yanainuka. Yaliinuka taratibu, meusi chini, yanachuruzika, yakawa mgongo, yakawa kichwa kipana na masikio madogo yanayopukuta maji, kiboko dume, baina ya Getruda na nchi kavu, na Getruda bado ameinama anajaza ndoo yake, amempa mgongo, na kiboko anafungua kinywa, na Venant ambaye alikuwa amejifunga siku sita asilitaje lile jina, ambaye alikuwa akilala amejishika mdomo, hakukumbuka Bibi Malimi wala mawe wala jini, alikumbuka mkewe tu.

"Getruda! Kiboko! Kimbia!"

Getruda akageuka. Upepo ulikuwa unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, hivyo Venant hakusikia kitu. Aliona midomo yake tu. Ilifunguka kidogo ikafunga.

Hapakuwa na kiboko. Palikuwa na jiwe, na magugumaji yametanda juu yake, na maji yametulia tuli. Getruda alikuwa ameketi ndani ya maji, ndoo inaelea. Venant akamfikia, akamvuta, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Uliitika? Niambie, uliitika?"

Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, jicho hili, kisha lile.

"Sikuitika."

"Kweli?"

"Kweli, mume wangu. Twende nikapike."

Na akapika. Akala sahani mbili za ugali na samaki wa furu, yeye aliyekuwa hali kitu siku tano. Kukwaruza kukamtoka. Mikono ikapata joto. Ile harufu ya mvua juu ya jiwe ikapotea kambini, na jioni alikuwa anaimba huku anasugua sufuria. Mwenzangu, wewe ungefanya nini? Ungekaa unachunguza midomo? Venant alimshukuru Mungu, akalala kama gogo.

Kesho yake Bibi Malimi akaja na kuku mweusi, unga wa mtama, na kapu la mizizi iliyopondwa. Akawapeleka wote mpaka kwenye majabali. Ufa ulikuwa katikati yake, upana wa bega la mtu, giza tupu.

"Siku saba zimetimia," alisema. "Baba, nijibu wewe. Hajaitika hata mara moja?"

Venant alifungua mdomo. Aliiona tena ile midomo ya mkewe, kufunguka na kufunga. Akamtazama Getruda aliyesimama pembeni yake, mashavu yamejaa, macho yanang'aa. Akikubali kwamba hajui, bibi ataondoka na dawa zake, ndivyo alivyosema. Na mwenyewe si amesema hakuitika? Mtu hatajua kinywa chake?

"Hajaitika," Venant alisema.

"Vizuri. Basi aliye humo abaki humo." Bibi Malimi akachinja kuku, akanyunyiza unga, akaisindilia ile mizizi ndani ya ufa kwa mti. "Sasa leta mawe. Wewe mume ndiye wa kuziba."

Akabeba. La kwanza, la pili, la tatu. Alipoinua la nne, kutoka ndani ya ufa, chini kabisa, sauti ya Getruda ikasema:

"Venant."

Akasimama na jiwe kifuani.

"Venant, niko hapa. Mbona unanifukia? Venant, mimi hapa, kuna giza."

"Usiitike," Getruda aliyekuwa pembeni yake akanong'ona, akamshika kiwiko. Mkono wake ulikuwa na joto. "Linaigiza, mume wangu. Umesahau lilivyomwigiza mama?"

"Ndivyo lilivyo," Bibi Malimi akasema bila kuinua kichwa. "Likishindwa linalia. Weka jiwe, baba, usisimame."

Sauti ikaanza kulia. Haikutukana wala haikutisha. Ililia tu, kilio cha mtu anayejaribu asisumbue, inalitaja jina lake katikati ya kwikwi, na Venant analia pia, machozi yanachanganyika na vumbi, kushoto kwake mke wake na mbele yake mke wake, na mikono inafanya kazi peke yake, jiwe juu ya jiwe, mpaka sauti ikawa nyembamba, ikawa ya mbu, ikaisha. Mzee Shimba alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi Malimi akapaka tope juu, akanawa mikono ziwani.

"Limekwisha," alisema. "Halitatoka mpaka mimi na wajukuu zangu tuoze. Wala msije kulifungua. Ufa ukifunguliwa, aliye ndani anatoka amegeuka jiwe tupu."

Bwana Lwakatare alirudi Jumamosi, akagomba kuhusu wageni waliokimbia, mwisho akawapa lifti mpaka Kamanga. Kwenye feri Getruda alisimama ukingoni, nywele zinapeperushwa na upepo, anacheka na watu asiowajua. Wakapanga chumba kilekile cha zamani Mabatini. Akanunua ngano, akawasha jiko la mkaa. Majirani wakasema Getruda amenona, pori limemkubali.

Siku ya kumi na mbili pale mjini, saa nne asubuhi, Venant alikuwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu akatafute kibarua. Mkewe alikuwa nyuma ya pazia anasukuma chapati. Mlangoni akaja Dorotea, shoga yake wa siku nyingi, ambaye hakuwa amemwona tangu warudi. Akasimama nje akapaza sauti kwa furaha.

"Hodi jamani! Getruda! Wee Getruda!"

"Naam!" akaitika Getruda.

Dorotea akaangua kicheko huko nje. "Ee! Shoga, pori limekugeuza mwanaume?"

Nyuma ya pazia ule mti wa kusukumia chapati ukanyamaza kidogo, kisha na yeye akacheka. Venant alibaki ameinama, kamba ya kiatu mkononi. Alijaribu kukumbuka kama kuna mtu mwingine aliyemwita tangu pale ziwani. Hakuna. Yeye mwenyewe alikuwa amezoea kumgusa bega. Akayahesabu kichwani yale mawe ya ufa. Yalikuwa kumi na moja, yote aliyabeba yeye, na la mwisho alilipigapiga kwa ngumi likae vizuri.

"Venant," mkewe akaita kwa upole kutoka nyuma ya pazia. "Mbona hufungui? Mgeni yuko mlangoni."

Hakuitika. Aliinuka, kiatu kimoja hakijafungwa, akaenda kumfungulia Dorotea mlango, akamwambia karibu, maana angemwambia nini kingine?